Nani Ameshika Saa ya Krismasi?

Kila Desemba napata meseji moja kutoka kwa watu tofauti: "Msee, iventi ya Krismasi inaisha lini?" Sijawahi kuulizwa inaanza lini. Kuanza utaona tu, theluji imejaa kwenye skrini na dinosau amevaa kofia nyekundu. Kuisha ndiko kunawatoa watu jasho.

Leo wacha nisijibu hilo swali, niulize lingine. Hiyo tarehe ya kuisha, nani aliiweka, na saa anayotumia iko wapi? Linakaa kama swali la mtu aliyekosa kazi, lakini ukilifuata linakurudisha zaidi ya miaka ishirini nyuma, na njiani unakutana na pesa nyingi, faini, na watu wanaodanganya kompyuta zao kuhusu tarehe. Mimi nalifuata kwa sababu Krismasi yangu moja ilikaa ndani ya seva ya wenyewe, na hiyo seva ikazimwa.

Mwaka wa 2020 nilikuwa kidato cha tatu. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na tulikuwa tumeambiwa tutarudi 4 Januari 2021. Brathe yangu mkubwa alikuwa Doha, kazi ya ulinzi, na hakukuwa na vile angekuja nyumbani hiyo Desemba. Ushago pia hatukuenda. Kafyu ilikuwa inaanza saa nne usiku, kwa hivyo hata saiba pale mtaani, Nakuru, ilikuwa inafungwa mapema. Lakini brathe alikuwa ameniachia kompyuta yake ya mezani, ile mama alikuwa anaita "hilo friji lenu" kwa sababu ya kelele ya feni. Siku moja akapiga simu: "We kitinda, weka ARK. Krismasi tutakutana huko."

Kwa wale hawajui: ARK: Survival Evolved ni gemu ya kusurvaivu iliyotolewa 2 Juni 2015 na Studio Wildcard, kampuni ya Marekani, ikiwa bado haijakamilika, toleo kamili lilikuja Agosti 2017. Unaamka ufuoni ukiwa na nguo ya ndani tu. Unapiga mti ngumi upate mbao, unaokota mawe, unatengeneza shoka, unaliwa na dinosau, unaanza tena. Baada ya masaa mengi unaweza kumfuga huyo huyo dinosau aliyekula. Wachezaji wanajiunga kwa makundi, na gemu inayaita makundi hayo "makabila", neno ambalo Mkenya angependa likae mbali na Krismasi. Yetu tukaiita mbogi. Mbogi ya watu wawili.

Kuiweka ilikuwa kazi. Gemu yenyewe inapita GB 100, na waifai yetu ilikuwa ya kuchangiana na jirani. Kuishusha kwa hiyo laini ingekuwa kumtafuta jirani ubaya. Nikaenda na hadi disiki saibani mchana, kijana wa pale akaninakilia kutoka kwa kompyuta yao, nikarudi nayo nyumbani kama nimebeba mayai.

Iventi ya Krismasi ya ARK inaitwa Winter Wonderland, na ya kwanza ilikuwa Desemba 2015, miezi sita tu baada ya gemu kutoka. Mhusika wake mkuu ni Raptor Claus. Usiku wa ndani ya gemu anapita angani na kuangusha masanduku ya zawadi, na nyinyi mnakimbia gizani kuyatafuta kabla wengine hawajafika. Mambo mengine pia yanafunguka: kukusanya vitu, kufuga na kuzalisha kunaenda haraka kuliko kawaida. Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakukitilia maanani mwanzoni. Wanyama wa porini wanaanza kuzaliwa na rangi za sikukuu, nyekundu, kijani, nyeupe. Hizo rangi ni za mwili, kofia haihusiki. Ukimfuga mnyama kama huyo akazaa, watoto wanaweza kurithi. Iventi ikiisha rangi inabaki kwenye damu. Shikilia hiyo, nitarudi.

Tulimpata Parasaur jike mmoja, kichwa chekundu, mgongo wa kijani, tumbo jeupe kama unga. Parasaur ni mnyama mpole, hali nyama, si wa kujivunia mbele ya watu. Brathe akamwita Chapo. Tarehe 25 mimi nilikuwa nasukuma chapati za ukweli na mama jikoni, nikimaliza moja nakimbilia friji letu, brathe yuko huko ndani ya gemu anamlisha Chapo matunda, ananiuliza kwa spika: "Mmeweka nazi kwa kuku ama vile vile tu?" Mama anamjibu kutoka jikoni kama vile yuko sebuleni.

Sasa tuje kwa saa. Iventi inafuata saa ya ofisi za Wildcard, pwani ya magharibi ya Marekani. Saa sita mchana kwao ni saa tano usiku kwetu, na Doha iko saa moja na Nairobi, kwa hivyo mimi na brathe tulikuwa tunafanya hesabu moja: kwanza toa saa za Pasifiki ulete za hapa, halafu badilisha ikae kwa Kiswahili, maana sisi siku yetu inaanza jua likitoka. Mara mbili tulikosea. Mara ya tatu tuliingia tukapata theluji imeenda, masanduku hakuna, ufuo umekuwa ufuo. Kulikuwa na kitu tulikuwa tumepanga kufanya usiku huo, cha kijinga tu, kupanga taa kuzunguka nyumba tupige picha ya familia na Chapo. Mtu fulani akiwa kazini mbali sana, asubuhi yake, alikuwa ameshazima.

Nilikasirika kuliko inavyostahili. Halafu nikaanza kusoma.

Nyuma kabisa nilikofika ni RuneScape, ambayo si gemu ya kusurvaivu, lakini somo lake liliingia kwa kila gemu ya mtandaoni iliyokuja baadaye. RuneScape ilifunguliwa Januari 2001 na kampuni ya Jagex, Cambridge, Uingereza. Krismasi ya mwaka huo huo waliamua kufurahisha watu. Wakamwaga chini, kote kwenye ramani, baruti za karatasi, zile Waingereza huvuta mezani siku ya Krismasi, wawili wawili, mpaka inapasuka na mmoja anabaki na kofia ya karatasi ya sherehe. Ndani ya gemu ilikuwa hivyo hivyo: mnavuta wawili, mmoja anapata kofia. Rangi zilikuwa sita. Kofia haikinge upanga wala kuongeza nguvu. Ilikuwa mzaha wa siku moja, na hakuna aliyetangaza kwamba ni "kwa muda mfupi tu".

Wengi walizitupa, na hawakuwa wajinga. Nani anaweka kofia ya karatasi ya Krismasi mpaka Februari? Lakini Jagex hawakuzitoa tena kwa njia hiyo, na kofia zilikuwa zinauzika kati ya wachezaji. Kila akaunti iliyoachwa ilizama na kofia zake, zikazidi kupungua, bei ikapanda mwaka baada ya mwaka, hadi baadhi zikapita kiwango cha juu kabisa cha sarafu ambacho mchezaji anaweza kushika kwa rundo moja: 2,147,483,647. Fikiria hapo kidogo. Kofia ya karatasi ambayo mtu hawezi kuilipia kwa sarafu peke yake, kwa sababu gemu yenyewe haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo.

Baadaye Jagex walibadilisha, vitu vya sikukuu vikawa haviuziki, kila mtu anapata chake na anabaki nacho. Lakini wengine wote walikuwa wameshaona. Kitu kisicho na kazi, ukikifungia ndani ya siku chache, kinakuwa dhahabu. Sisemi kuna mkutano ulifanyika watu wakakubaliana. Nasema tu kwamba baada ya 2001 hakuna kampuni ingeweza kudai haijui.

World of Warcraft ilitoka 23 Novemba 2004 na Desemba hiyo hiyo ikawa na sherehe yake, Winter Veil, miti mikubwa mijini na zawadi chini yake za kufunguliwa tarehe 25. Hapo kalenda ikawa desturi. Ukilipia gemu mwaka mzima, unajua Desemba kuna kitu, unajua Oktoba kuna kitu. Kwa hiyo aina ya iventi sina ugomvi nayo, ni kama vile tunajua Desemba nauli ya matatu ya kwenda ushago itapanda. Unakasirika, lakini hushangai.

Sasa kuna tawi lingine la hii historia ambalo watu husahau, na mimi ndilo napenda. Terraria ilitoka Mei 2011, gemu ya kuchimba, kujenga na kutokufa usiku. Desemba ya mwaka huo ikapata Krismasi yake. Kuanzia tarehe 15 hadi 31, maadui wanaweza kuangusha zawadi, na ukishinda jeshi la watu wa theluji, Santa Claus mwenyewe anahamia kijijini kwako na kufungua duka. Mwaka Mpya ukifika anakufa. Si mzaha, anakufa tu, hakuna mazishi.

Lakini Terraria inajuaje ni Desemba? Inauliza kompyuta yako. Na kompyuta yako itaamini chochote utakachoiambia. Kwa hivyo kuna watu walianza kurudisha tarehe ya kompyuta nyuma, Juni ikawa Desemba, Santa akafufuka. Minecraft ina kamchezo kama hako: kuanzia tarehe 24 hadi 26 Desemba masanduku yanageuka kuwa zawadi zilizofungwa, na gemu inaangalia saa ya mashine yako. Binamu yangu mdogo aligundua hiyo mwenyewe akiwa darasa la sita, akaiweka kompyuta ya nyumbani Desemba wiki mbili nzima, na mzazi wake akashangaa kwa nini kila kitu kwenye intaneti kilikuwa kinakataa kufunguka.

Kuna mtu ataniambia huo ni wizi. Wizi wa nini, bana? Santa wa Terraria hatolewi ghalani akaisha. Ukimfufua Juni hujamnyang'anya mtu. Watengenezaji wa Terraria wangeweza kulifunga hilo shimo na hawakulifunga. Waliacha saa ya Krismasi ikae mezani kwako.

ARK na wenzake ni kisa tofauti, kwa sababu dunia yenyewe haiko kwako. Mkicheza watu wengi kwenye seva rasmi, saa inakaa kwa seva. Huwezi kudanganya seva ya mtu kuhusu tarehe. Na hapa lazima nitaje Rust, iliyofunguliwa 11 Desemba 2013 na Facepunch ya Uingereza, gemu ambayo hata mtu mpole anageuka jambazi wiki ya kwanza. Krismasi ya Rust ni kama hii: unasikia kengele zinalia, na zawadi zinaonekana chini karibu na wachezaji. Unatoka mbio kuokota. Jirani yako naye ametoka mbio. Mmoja wenu anarudi na zawadi za wote wawili. Zile ndogo ukizikusanya za kutosha unazigeuza kubwa, kwa hivyo kuna sababu ya kuua. Nimecheza hiyo iventi mara moja na nikajiambia inatosha.

Ila kwa jambo la saa, Rust ni waaminifu kuliko wengi. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi seva zinafutwa kwa lazima na ramani inaanza upya. Kila mtu anajua. Mti wako wa Krismasi una wiki chache za kuishi na uliupanda ukijua. Hakuna anayejenga Rust akifikiri ataonyesha wajukuu. ARK ilikuwa kinyume: dunia inayodumu, mnyama uliyemlea miezi, vizazi vya wanyama. Ukitoweka muda mrefu, ndiyo, nyumba yako inafika siku ambapo yeyote anaweza kuibomoa, na mnyama wako yeyote anaweza kumchukua. Lakini dunia yenyewe inabaki. Ndiyo maana kitu kidogo kama iventi kinakuuma zaidi huko.

Na kuna mtoto wa hizi gemu za kusurvaivu ambaye alikua tajiri kuliko wazazi. Mwaka 2013, Brendan Greene alichukua DayZ, ambayo nayo ilianza kama nyongeza ya gemu ya kijeshi, akaigeuza kuwa shindano la mtu wa mwisho kubaki hai. Kutoka hapo ikaja mbio yote ya "battle royale", na Septemba 2017 Fortnite ikaingia, bure, na duka lake ndani. Duka la Fortnite linabadilishwa kila siku saa sita usiku kwa saa ya dunia, yaani saa tisa usiku Nairobi, wakati ambapo hata mbwa wa mtaa wamelala. Ukitaka vazi fulani, kulikuwa na saa iliyokuwa inahesabu kurudi nyuma. Krismasi ina mavazi yake. Watoto waliijua hiyo saa kuliko ya shule.

Mwezi Mei 2024 mamlaka ya Uholanzi inayolinda wateja, ACM, iliipiga Epic, wenye Fortnite, faini ya yuro 1,125,000. Sababu moja ilikuwa matangazo yanayowasukuma watoto kununua sasa hivi. Nyingine ndiyo iliyonifanya niweke simu chini nicheke kwa uchungu: baadhi ya zile saa za kuhesabu zilikuwa zinapotosha. Zilifika sifuri na kitu bado kinauzwa.

Usomapo hiyo, rudi kwa zile baruti za karatasi za 2001. Pale hakukuwa na saa, na uhaba ulikuwa wa kweli ingawa ulitokea kwa bahati. Miaka ishirini baadaye kuna saa, kubwa, inawaka, na uhaba wenyewe wakati mwingine haupo. Kwangu mimi hiyo ndiyo historia ya iventi za msimu kwa kifupi, na ndiyo maana nikiulizwa "inaisha lini" natamani kwanza kuuliza "kwani inaisha?"

Lakini si kampuni zote, na hapa nataka kuwasifu watu. Don't Starve Together ya Klei, kampuni ya Vancouver, Kanada, ni gemu ya kusurvaivu ambayo baridi na njaa vinakuua kabla adui hajafika. Tangu Desemba 2016 ina Winter's Feast. Unapanda mti, unaupamba na mapambo yanayoangushwa na wanyama unaowaua, na mti unawapa zawadi. Kuna pia Krampus, ambaye yuko mwaka mzima: ukiua sana wanyama wasio na hatia, vipepeo, ndege, sungura, anakuja kukuibia vitu kambini. Nyanyangu angeipenda hiyo gemu kwa sababu ya huyo peke yake.

Winter's Feast inajiwasha yenyewe msimu ukifika. Lakini unapoumba dunia yako kuna mahali pa kuchagua iventi, na ukitaka Winter's Feast mwezi wa saba, unachagua, imekwisha. Huhitaji kudanganya kompyuta wala kungoja ofisi ya mtu. Kampuni ilikupa sherehe, halafu ikakupa na swichi. Na hakuna lililoharibika! Watu bado wanarudi Desemba, kwa sababu watu wanapenda kusherehekea pamoja. Hiyo hoja kwamba iventi lazima ifungwe ndiyo iwe na maana, mimi siinunui. Pilau haipotezi maana kwa sababu inaweza kupikwa Jumanne.

Wildcard nao, kusema haki, walikuwa na mlango wa nyuma. Mtu mwenye seva yake binafsi ya ARK anaweza kuandika kwenye mstari wa kuiwasha: -ActiveEvent=WinterWonderland. Hayo tu. Theluji inaingia, Raptor Claus anapita, rangi zinaanza kuzaliwa. Mimi na brathe hatukulijua hilo 2020, na hata tungelijua lisingetusaidia, maana tulikuwa kwenye seva rasmi, na huko mstari wa kuwasha si wako.

Shule ilifunguliwa. Brathe akabadilishiwa zamu. Tuliingia mara moja Machi 2021, nikamlisha Chapo, tukaahidiana Desemba, na Desemba mimi nilikuwa najiandaa kwa KCSE, yeye alikuwa amehamishwa mahali hakuna intaneti ya maana. Siku zikapita zile za kutosha. Nyumba yetu ikabomolewa, nadhani. Chapo akawa wa mtu.

Halafu 2023 tangazo likaja: seva rasmi za Survival Evolved zinazimwa, kupisha toleo jipya, Survival Ascended. Tarehe ilisogezwa kidogo na mwishowe ikawa 30 Septemba 2023. Kwa mtu ambaye hachezi ni habari ya kampuni kubadilisha bidhaa. Kwa wengine wetu ni kama kusikia mtaa uliokulia unabomolewa kupisha barabara. Hata kama ulishahama, ulikuwa unajua upo. Brathe aliandika kwa WhatsApp neno moja, "Aki." Hakuongeza.

Kuna kampeni iliyoanza 2024 huko nje, Stop Killing Games, baada ya Ubisoft kuzima gemu ya magari, The Crew, ambayo watu walikuwa wameilipia. Inadai kwamba ukiuza gemu, uiache katika hali inayoweza kuchezwa hata ukiacha kuihudumia. Julai 2025 sahihi zao kwa Umoja wa Ulaya zilipita milioni moja. Mimi na wewe hatukuweza kutia sahihi, si raia wa huko, lakini seva tunazochezea nyingi ziko huko, kwa hivyo sheria yao ikibadilika nasi tutaguswa bila kuulizwa, kama kawaida.

Kwa ARK, Wildcard walifanya kitu ambacho The Crew hawakupata. Waliweka faili za mwisho za seva rasmi ili yeyote azichukue akaziwashe kwake. Dunia nzima ilivyokuwa siku ya mwisho, na kila boma na kila mnyama, ndani ya faili. Niliishusha ya seva yetu nikaiweka kwenye hadi disiki ile ile ya saibani. Ikakaa hapo. Friji letu halikuwa na uwezo wa kuiwasha, na ukweli ni kwamba sikutaka kuona pale nyumba yetu ilipokuwa.

Mwezi wa nne mwaka huu rafiki yangu tunayehariri naye video alinunua kompyuta yenye RAM ya GB 32. Nilimwomba wikendi moja. Mvua ya masika ilikuwa inapiga mabati mpaka ukiongea unapiga kelele. Jumamosi usiku nikaweka ile faili, nikaandika ule mstari, na kabla ya kubonyeza nikampigia brathe: "Washa ARK. Ni Krismasi."

"Wewe ni mgonjwa?"

"Washa tu."

Stima ikapotea mara moja katikati, tukaanza upya. Alipoingia kulikuwa na theluji kila mahali. Tukatembea hadi ufuoni petu. Hakukuwa na kitu, hata nguzo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nikamwambia tuzunguke tu. Kwa sababu seva sasa ilikuwa yangu, ningeweza kuingia boma lolote nililotaka, na maboma yalikuwa mengi, mengine makubwa kama mji, wenyewe hawapo, milango imefungwa tangu 30 Septemba.

Juu ya kilima nyuma ya ufuo wetu kulikuwa na boma la mawe ambalo 2020 halikuwepo. Ndani ya ua wake walisimama Parasaur kumi na mmoja. Wengi walikuwa na kitu chekundu au cha kijani mwilini. Wanne walikuwa na kichwa chekundu, mgongo wa kijani, tumbo jeupe.

ARK inaweka ukoo wa mnyama aliyezaliwa kufugwani. Nilimchagua mmoja, nikafungua orodha ya mama zake, nikawa nashuka: majina yalikuwa ya lugha nisiyoijua, herufi hata siwezi kuzisoma, mama wa mama wa mama. Brathe alikuwa amenyamaza upande wa pili, nasikia tu feni ya chumba chake. Mstari wa chini kabisa, kwa herufi zetu, ulikuwa umeandikwa Chapo.

"Hawakumbadilisha jina," akasema.

Mtu aliyemchukua alikuwa na haki yote ya kumpa jina lake. Kubadilisha jina ni sekunde mbili. Alimkuta mnyama wa wenyewe ameachwa, akamwacha na neno asilolielewa, akamzalisha vizazi vitano. Tulitafuta jina la kundi lao ukutani, tukajaribu kulitafsiri kwa simu, simu ikatuletea upuuzi.

Gizani juu yetu Raptor Claus akapita, sanduku likaanguka mahali fulani upande wa mto. Hakukuwa na mtu wa kushindana naye. Brathe akauliza mama amelala. Nikamwambia bado, anatazama habari. "Mwite basi," akasema, "na mtafute zile taa."